Shajara ya Mradi: Barua ya Kitalu, Nakuru

Januari 13

Mradi umeanza leo. Mwenye kitalu, ambaye wateja wote humwita Mama Miche nami nitamwita hivyo humu, anataka barua pepe moja kila mwezi kwa wateja wa kitalu chake kilichoko barabara ya Njoro: bei za miche, siku za kuchukua, na maelekezo mafupi ya upanzi. Wanaonunua kwa wingi si majirani. Ni wakulima wa simu, watu wenye shamba Rongai, Subukia au Molo huku kazi yao iko Nairobi, Mombasa, au ng'ambo kabisa. Shamba wanaliendesha kwa kupiga simu na kutuma M-Pesa, na barua pepe wanazisoma kwa sababu wanashinda mbele ya kompyuta.

Niliulizwa kwa nini tusitumie WhatsApp. Kwa oda tutaendelea nayo. Lakini kwenye orodha ya matangazo ya WhatsApp, asiyehifadhi nambari yako hapati kitu, na orodha moja mwisho wake ni watu 256. SMS za jumla nazo unalipia kila moja, na bei za miche ya kila aina haziwezi kuenea kwenye herufi 160.

Nilichokabidhiwa: daftari la kaunta, faili la Excel la watu waliowahi kuulizia bei kupitia tovuti, bahasha ya kadi za biashara zilizokusanywa kwenye maonyesho ya kilimo, na flashi ambayo Mama Miche alinipa mwenyewe, akaniambia hiyo ndiyo mali.

Januari 14

Flashi ina faili moja tu. Anwani zaidi ya elfu arobaini, "wakulima wa Kenya", zilizonunuliwa na mpwa wake kwa mtu anayezitembeza. Nimekaa nazo asubuhi yote. Hakuna safu ya majina, hakuna tarehe, hakuna panaposema mtu huyu aliandika anwani yake wapi na akiwa ameambiwa itafanyiwa nini. Zimejaa info@ na admin@. Kuna mapokezi ya hospitali, kuna shule za msingi, kuna gamil.com na gmail.con za kutosha. Kuna mahali jina moja linajirudia kwa nambari nyuma yake, moja, mbili, tatu, mpaka unachoka kusogeza skrini. Hizo hazikuandikwa na watu, zilitungwa na programu. Anwani za benki fulani zote zimefuata mtindo mmoja, jina la kwanza, nukta, jina la ukoo, kana kwamba mtu alichukua orodha ya wafanyakazi akaanza kukisia.

Mkulima bado sijamwona humo. Huenda wamo.

Januari 15

Kikao kirefu na Mama Miche, chini ya neti ya kivuli, huku wasichana wakijaza trei udongo.

Hesabu yake ni hii: "Kijana wangu, kwa hao elfu arobaini, wakinunua watu mia pekee, si msimu umekwisha?" Si hesabu ya kijinga. Ndiyo aliyoipiga Gary Thuerk wa kampuni ya DEC huko Marekani tarehe 3 Mei 1978, alipowatumia watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la kompyuta bila kuwauliza. Mpaka leo inatajwa kuwa barua taka ya kwanza. Wasimamizi wa mtandao walimkemea, lakini mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba mashine ziliuzika. Kwa hiyo sikumwambia Mama Miche kwamba njia hiyo haiuzi. Nilimwonyesha gharama yake inamwangukia nani.

Inaangukia jina la kitalu. Ankara, risiti na makadirio ya bei vyote vinatoka kwenye kikoa kimoja, yaani jina la mtandaoni linalokuja baada ya @, na Gmail haitazami barua peke yake, inatazama pia mwenendo wa jina linaloituma. Ukiwarushia watu elfu arobaini wasiokujua, maelfu ya barua yatarudi kwa sababu anwani hazipo. Baadhi ya waliopokea watabofya "ripoti taka". Nyingine zitanasa kwenye mitego, yaani anwani ambazo mashirika ya kupambana na barua taka kama Spamhaus yanazitunza makusudi. Anwani hizo hazikujiandikisha popote, kwa hivyo anayeziandikia tayari amejitaja. Baadaye mteja aliyeko Doha, aliyelipa nusu na anasubiri ankara ya nusu iliyobaki, ankara yake itakuwa imelala kwenye folda ya taka, na atakachoona yeye ni kwamba kitalu kimekula pesa kikanyamaza.

Akauliza, "Hata ankara?"

Hata ankara.

Sheria niliiacha mwisho kwa sababu watu wakisikia sheria mwanzo huanza kutafuta mlango wa nyuma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, au bila sheria nyingine kuruhusu na mwenyewe kuwa amejulishwa wakati data inachukuliwa. Kifungu cha 32 kinaongeza jambo ambalo wauza orodha hawalitaji: mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa anayetumia data. Si mpokeaji atakayethibitisha kwamba hakukubali. Ni wewe utoe karatasi. Na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu ambao nambari zao ilizipata kwa watu wengine.

Flashi imerudi kwa mwenyewe. Mpwa hakufurahi.

Januari 17

Mpwa amerudi na wazo jipya. Tusiwauzie chochote, tuwaandikie tu mara moja kuwauliza kama wangependa kupokea barua. Kwa masikio ni adabu. Huko Uingereza, Machi 2017, mdhibiti wa data aliitoza shirika la ndege la Flybe pauni 70,000 na Honda pauni 13,000 kwa jambo la namna hiyohiyo. Flybe waliwaandikia watu waliokuwa wameshakataa matangazo, wakawaomba wahakikishe taarifa zao ni sahihi. Honda waliwauliza watu kama wangependa kusikia kutoka kwao, bila kuwa na ushahidi kwamba waliwahi kukubali kuandikiwa. Barua ya kuomba ruhusa ya kutangaza ilihesabiwa kuwa tangazo.

Sisi hatuko Uingereza, ni kweli. Lakini anayebofya "ripoti taka" hasomi kwanza nia ya mwandishi.

Januari 22

Sasa mali yetu wenyewe. Kazi hii ndiyo ngumu, maana hawa ni wateja wa kweli na kishawishi ni kikubwa zaidi.

Daftari la kaunta: mteja aliandika anwani ili atumiwe risiti. Basi. Kanuni za jumla za 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data, zinaruhusu kutangazia mtu ikiwa data ilichukuliwa kwake mwenyewe, akajulishwa kwamba matangazo ni mojawapo ya matumizi, akaridhia, na akapewa njia rahisi ya kujitoa ambayo hajaitumia. Katika daftari letu, sharti la kwanza lipo, la pili na la tatu hayapo. Hakuna aliyejulishwa. (Na hata wangejulishwa, nusu ya mwandiko hausomeki. "rn" na "m" ni kitu kimoja, na kurasa za Novemba zimemwagikiwa maji ya kunyunyizia.)

Faili la Excel: waliulizia bei, wakajibiwa. Aliyeulizia bei ya miche mia mbili ya parachichi hajaomba barua kila mwezi.

Kadi za biashara ndizo zilizozua ubishi. Kwenye maonyesho kulikuwa na beseni lenye maandishi "Weka kadi ushinde bomba la kupulizia dawa". Mama Miche anasema mtu aliyekupa kadi kwa mkono wake amekupa ruhusa. Mimi nasema amekupa ruhusa ya kumpigia akishinda bomba. Nimeshinda ubishi, ingawa naona bado anazitazama zile kadi zilivyo nyingi.

Kwa hiyo orodha inaanza tupu. Nimeiandika hivyo kwenye ripoti ili asije mtu akashangaa.

Januari 29

Kadi za kaunta zimechapwa mjini. Maandishi:

"Ungependa Barua ya Kitalu? Mara moja kwa mwezi, bei za miche na ushauri wa msimu. Hatumpi mtu mwingine anwani yako. Unaweza kujitoa siku yoyote."

Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, vyote vitupu. Mchapishaji alikuwa ametia alama kwenye Ndiyo "ili kurahisisha". Tumemrudishia.

Karani wa kaunta amebadilisha mazungumzo yake. Zamani alikuwa anasema "Barua pepe yako?" huku anaandika. Sasa anauliza mara mbili: ya risiti, halafu kama mtu anataka na ile ya kila mwezi. Mzee mmoja wa Bahati aliyekuja kuchukua kabichi alisoma kadi pande zote mbili, akavua miwani, akasema, "Niandikie, lakini usiniandame kama hawa wa mikopo." Akatia tiki mwenyewe na kuweka sahihi, ingawa hakuna mahali pa sahihi.

Februari 6

Rekodi za DNS, yaani mipangilio ya kikoa inayosomwa na seva nyingine. Fundi aliyetangulia aliacha rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja, moja ya kampuni inayohifadhi tovuti, nyingine ya programu ya hesabu. Kila moja ni sahihi ikiwa peke yake. Zikiwa mbili, seva inayopokea inazihesabu zote kuwa kosa na kikoa kinaonekana hakina SPF kabisa. Bila shaka hii ndiyo sababu wateja kadhaa walikuwa wakisema "angalia, risiti haijafika". Nimeziunganisha ziwe moja.

Kwa atakayeichukua kazi hii baada yangu: SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, DKIM inatia saini kwenye barua yenyewe, na DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa mitihani hiyo, kisha amletee mwenye kikoa ripoti. DMARC nimeiweka kwenye p=none kwanza, yaani isizuie kitu, ilete ripoti tu. Nataka kuona ni nani wengine wanaotuma kwa jina letu kabla sijafunga mlango.

Barua ya Kitalu itatoka kwenye kikoa kidogo chake, mbali na ankara. Hilo halifuti kila hatari, kwa sababu watoa huduma hutazama pia kikoa mama, lakini linapunguza. Nilifikiria kutuma kupitia seva ya tovuti kwa kuwa ni bure. Hapana. Pale anwani ya IP, yaani nambari ya seva mtandaoni, ni ya wapangaji wengi na simjui hata mmoja. Tunalipia huduma ya kutuma.

Februari 12

Ripoti za DMARC zimeanza kuingia. Mtumaji mmoja nisiyemjua ameonekana. Nimemfuatilia: ni ile programu ya hesabu, inatuma ankara kwa seva yake mpya. Imeongezwa. Ningefunga mlango siku ya kwanza ningezuia ankara zetu wenyewe.

Februari 19

Fomu ya tovuti iko hewani, na uthibitisho ni wa hatua mbili. Mtu akijiandikisha anatumiwa barua fupi yenye kitufe kimoja. Asipokibofya, haingii kwenye orodha. Waliojaza kadi za kaunta nao wanapitia humohumo.

Mama Miche hapendi hatua hii, na ana sababu. Kuna watu wametia tiki ya Ndiyo mbele ya karani na hawajabofya. Wengine barua imeingia folda ya taka, wengine wamesahau. Tunapoteza wateja waliokwisha kukubali. Lakini hatua hiyo inamkamata aliyeandika gmail.con, inakamata programu zinazojaza fomu usiku, na inamkamata anayeandika anwani ya shemeji yake kwa utani. Tumepatana hivi: hatua inabaki, ila karani amwombe mteja afungue simu palepale kaunta abofye miche ikifungwa.

Kwa kila jina tunahifadhi tarehe na saa, lilikotoka, na maneno kamili ya fomu au kadi kama yalivyokuwa siku ile. Maneno yakibadilika, ya zamani hayafutwi. Kadi zenyewe ziko kwenye faili la kijani.

Pia: kitalu kina wafanyakazi zaidi ya kumi, kwa hiyo msamaha wa kutojisajili kwa Kamishna, ambao ni wa biashara yenye wafanyakazi chini ya kumi na mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, hautuhusu. Maombi yamepelekwa. Cheti hudumu miezi 24.

Februari 25

Nimekaa na kanuni za Gmail na Yahoo zilizoanza Februari 2024. Anayetuma kwa wingi (Gmail inahesabu barua 5,000 au zaidi kwa siku) lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja kwenye matangazo yake, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Sisi hatuwezi kufika 5,000 hata tukiota. Lakini ifanye ile asilimia iwe watu: kwa orodha ya watu mia tatu, mtu mmoja aliyekasirika anatosha kuipita. Na ule ukurasa wa Gmail wa kuangalia hali ya barua zako hauonyeshi kitu kwa watumaji wadogo kama sisi, kwa hiyo hatutapata onyo. Tutajua tu barua zikianza kupotea. Mbofyo mmoja tumeuweka hata kama hatulazimiki.

Machi 4

Barua ya kwanza imetoka leo asubuhi, orodha ikiwa chini ya mia tatu.

Kichwa alichotaka Mama Miche: "OFA KABAMBE YA MVUA!!!" Kilichotoka: "Miche ya nyanya na kabichi ya Aprili: bei na siku za kuchukua". Ndani, bei, kisha aya moja aliyoisema yeye nami nikaiandika: miche iliyotoka kivulini izoeshwe jua polepole karibu wiki moja kabla ya kuhamishiwa shamba, na mvua ya kwanza isikudanganye, subiri ardhi ilowe kwenda chini. Chini kabisa, jina la kitalu, mahali kilipo, sababu ya wewe kupokea barua hii, na kiungo cha kujitoa kwa herufi za ukubwa uleule.

Mtumaji si "noreply". Majibu yanaingia kwa Mama Miche.

Machi 5

Barua chache zimerudi. Moja 550 5.1.1, yaani hakuna mtu huyo, ajabu kwa mtu aliyethibitisha majuzi. Nimepiga simu, amehama kazi na anwani ya ofisi imefungwa. Nyingine ni za muda, kikasha kimejaa.

Majibu ndiyo yaliyomfurahisha Mama Miche. Mama mmoja anayefanya kazi Doha ameandika kwamba ana ekari mbili Molo na anataka kuzijaza parachichi za Hass. Mama Miche alijibu mwenyewe, kwa kidole kimoja kwenye simu, na jibu lake nimeliomba ruhusa kulinakili: "Mwanangu, Molo ni juu sana, karibu mita 2,500, na baridi yake Hass haiipendi. Fuerte huvumilia kidogo. Lakini shamba lako likiwa kule kwa umande unaoganda, panda viazi, pesa yako niachie." Amekataa kuuza. Yule mama amejibu kwa kuagiza miti ya kivuli ya uani na kuuliza kama tunajua mbegu safi ya viazi vya Shangi.

Machi 7

Watu wawili wamejitoa. Mama Miche alitaka kumpigia mmoja wao, wanajuana kanisani: "Kwani nimemkosea nini?" Nimemsihi asimpigie. Mtu aliyetoka kwa mbofyo na kuandamwa kwa simu, safari nyingine hatabofya "jitoe", atabofya "ripoti taka".

Maelezo ya kazi: aliyejitoa hafutwi. Anahamishiwa orodha ya wasitumiwe. Ukimfuta, siku utakapopakia kadi mpya za kaunta atarudi ndani kama mgeni. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inampa mtumaji siku 10 za kazi kumwondoa mtu. Gmail inataka siku mbili. Yetu ni papo hapo, mashine inafanya.

Na kwa kuwa mpwa ameniletea mfano wa barua kutoka intaneti wenye maneno "inatii CAN-SPAM": sheria hiyo inakuruhusu kuandikia watu mpaka wakukataze. Ya kwetu inataka wakubali kwanza. Ukinakili ushauri wa Marekani bila kuangalia hapo, unaweza kutii kila mstari wake na bado ukawa na kesi Nairobi.

Machi 19

Muuza pembejeo mmoja ameomba orodha. Badala yake atampa Mama Miche bei nafuu ya trei na mboji ya mbegu msimu mzima. Ofa nzuri, nilidhani tutagombana.

Mama Miche alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia orodha haitoki, lakini aandike mistari minne kuhusu trei zake, naye ataiweka kwenye barua ya Aprili chini ya kichwa "Tangazo", kwa bei nafuu ileile. Jamaa alivuta pumzi, akakubali kwa nusu ya punguzo. Mimi nilikuwa nimenyamaza wakati wote.

Nimehakikisha maneno ya kadi: "hatumpi mtu mwingine anwani yako". Tuko ndani ya ahadi.

Machi 27

DMARC imehamia p=quarantine, yaani barua isiyofaulu mitihani iende folda ya taka. Ankara zinafika. Karani amejaribu na wateja wa leo, risiti zote zimeonekana kwenye kikasha.

Suala la vipimo. Huduma ya kutuma inaonyesha asilimia ya "waliofungua", na Mama Miche ameanza kuipenda. Nimemwomba asiitegemee. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha zote yenyewe, mtu afungue asifungue, na barua inahesabiwa imesomwa. Tunahesabu vitu viwili tu: majibu, na oda ambazo mteja amesema zimetokana na barua. Karani ameongeza safu kwenye kitabu cha oda.

Yaliyobaki kabla ya barua ya Aprili: kadi za kaunta zinakwisha. Chapa mpya iongeze mstari mmoja, mboga au miti ya matunda, maana wa parachichi hawahitaji bei ya sukuma wiki kila mwezi. Na bahasha ya kadi za maonyesho bado iko kwenye droo ya Mama Miche. Ameniambia maonyesho ya Julai beseni litakuwepo tena, na safari hii karatasi ya kujiunga itakaa kando yake, mbali na bomba.